Taa, Silaha na Fedha za Umma: Utafiti wa Nishati na Ulinzi Ukitazamwa kutoka Lurambi

Shirika la kitaifa la utafiti wa nishati na ulinzi ni taasisi inayoundwa kwa sheria, inayogharimiwa na kodi za wananchi, na inayopewa kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina undugu: kutafuta njia za kuzalisha umeme kwa matumizi ya raia, na kubuni zana za kulilinda taifa. Taasisi za namna hiyo zimekuwepo Ufaransa, Marekani, Urusi na India tangu miaka ya 1940 na 1950, na nyingi kati yake ama zilizaliwa na bomu la atomiki ama zililizaa. Kenya haina shirika la aina hiyo lililo chini ya paa moja. Makala haya yanachunguza kile ambacho Kenya inacho badala yake, na sababu za jambo hilo, ambalo mara nyingi huonekana kuwa la Nairobi na la mataifa makubwa, kumhusu pia mkazi wa Lurambi, eneo bunge lenye mji wa Kakamega, wadi za Butsotso na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro.

Mfano unaoeleza suala hili vizuri zaidi ni Kamisheni ya Nishati ya Atomiki ya Ufaransa, inayojulikana kwa kifupi chake CEA, ambayo serikali ya Jenerali Charles de Gaulle iliiunda Oktoba 18, 1945, miezi miwili na siku chache baada ya miji ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa. Uongozi wake wa kisayansi ulikabidhiwa Frédéric Joliot-Curie, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1935 pamoja na mkewe Irène, na kufikia Desemba 1948 watafiti wake walikuwa wamekiwasha kinu cha kwanza cha nyuklia nchini humo, yaani mtambo ambamo urani huchomwa kwa utaratibu unaodhibitiwa. Joliot-Curie, ambaye alikuwa Mkomunisti, alitamka hadharani kwamba hangeitumia sayansi yake kuandaa vita, na Aprili 1950 akaondolewa kazini. Miaka kumi baadaye, Februari 13, 1960, taasisi hiyohiyo ililipua bomu la kwanza la Ufaransa karibu na Reggane, katika jangwa la Sahara la Algeria, ardhi ambayo wenyewe walikuwa bado wanapigania uhuru wao. Kwame Nkrumah alijibu kwa kuzizuia mali za Wafaransa zilizokuwa Ghana, kwa kuwa upepo wa jangwani haujui mipaka iliyochorwa na wakoloni. Hata hivyo ujuzi uliotoka katika taasisi hiyo ndio uliowezesha mpango wa mwaka 1974, ulioandaliwa baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla, wa kujenga vinu vingi vya umeme kwa mpigo, na mpaka leo takriban theluthi mbili ya umeme wa Wafaransa, au zaidi, hutokana na nyuklia. Taa ya jikoni na kombora la manowari vilitoka katika nyumba moja, chini ya bajeti moja ya serikali.

Sababu ya kazi hizo mbili kukaa pamoja imo katika maumbile ya urani yenyewe. Kiini cha atomu ya urani kinapogongwa na nyutroni, ambayo ni chembe ndogo isiyo na chaji ya umeme, hupasuka, hutoa joto, na hurusha nyutroni nyingine mbili au tatu zinazoweza kuvipasua viini vya jirani. Mfululizo huo ukidhibitiwa, joto lake huchemsha maji, mvuke ukazungusha tabo, yaani gurudumu lenye mapanga, na umeme ukapatikana; ukiachwa kukimbia bila kizuizi, huwa mlipuko. Urani inayopasuka kwa urahisi, ile ya namba 235, ni pungufu ya asilimia moja ya urani inayochimbwa ardhini, kwa hiyo huhitaji kurutubishwa, yaani kuongezwa kiwango chake, hadi kati ya asilimia tatu na tano kwa kinu cha kawaida cha umeme, na hadi karibu asilimia tisini kwa bomu. Mashine za kurutubisha ni zilezile. Kinachotofautisha matumizi ni muda ambao mashine hizo huachwa zikifanya kazi na nia ya anayezimiliki, ndiyo maana dunia imeweka wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) kuzichungulia nyumba za namna hiyo.

Afrika Mashariki na Kati imo katika historia hii tangu mwanzo wake, ingawa vitabu vingi huipa mistari michache tu. Urani nyingi iliyotumiwa na Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliomilikiwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ambayo mkuu wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yenye urani hadi New York mwaka 1940, kabla hata jeshi la Marekani halijajua kwamba litayahitaji. Wachimbaji wa Katanga, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi, hawakuelezwa mawe hayo yalikuwa ya nini. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, Monsinyori Luc Gillon, rekta wa Chuo Kikuu cha Lovanium, alisimamia kuwashwa kwa kinu kidogo cha utafiti katika mji ambao leo ni Kinshasa, kilichoitwa Trico, na ambacho ndicho kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara zima la Afrika. Kinu cha pili, chenye uwezo wa megawati moja, kilifuata mwaka 1972. Kilichotokea baadaye kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila serikali inayotamani taasisi ya aina hii: fedha zilipungua, vipuri vikakosekana, vijiti viwili vya fueli ya nyuklia vikatoweka katika miaka ya 1970, na mwaka 1998 kimoja kikanaswa na polisi nchini Italia kikiwa mikononi mwa wahalifu. Kinu cha pili nacho kilizimwa mwaka 2004. Taifa linaloanzisha utafiti wa nyuklia hujifunga kuulinda kwa vizazi kadhaa, hata katika miaka ambayo hazina yake ni tupu.

Kenya ilijiunga na IAEA mwaka 1965 na kuidhinisha Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1970, hatua iliyoufunga mlango wa bomu kabla hoja ya umeme wa nyuklia haijatajwa. Hoja hiyo ilikuja baadaye sana. Mwaka 2010 iliundwa kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia, mwaka 2012 kamati ikageuzwa kuwa bodi, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaigeuza bodi kuwa Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Nishati, unaofahamika kwa kifupi NuPEA. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyo haikuupa wakala huo kazi ya nyuklia pekee. Iliupa pia kazi ya kufanya na kusambaza utafiti katika sekta nzima ya nishati, maana yake jua, upepo, mabaki ya miwa na kuni zinazochomwa vijijini Butsotso. Kwa maandishi ya sheria, basi, Kenya inalo shirika la kitaifa la utafiti wa nishati. Kwa vitendo, shirika hilo linajulikana kwa mradi mmoja ambao haujajengwa.

Upande wa ulinzi ulifuata njia yake. Kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji, kipo chini ya shirika la serikali lililo katika Wizara ya Ulinzi. Kiwanda cha kuunganisha bunduki kilifunguliwa Ruiru mwaka 2021 kikielezwa kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, liliwekwa chini ya wizara hiyohiyo, ingawa setilaiti yake ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka California Aprili 15, 2023, ilielezwa kuwa ya kuchunguza mashamba, misitu na mafuriko. Kabla ya Taifa-1 ilikuwepo setilaiti ndogo zaidi, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Waitaliano na Wajapani na kuachiliwa angani Mei 2018, na mfuatano huo wa chuo kikuu kutangulia na wizara kufuata unaonyesha mahali ambapo uwezo wa kisayansi wa nchi ulianzia.

Yapo pia maeneo ambapo Kenya inafanya sayansi ya ulinzi bila makelele. Kilimambogo kuna kituo cha kupima mitetemo ya ardhi, na Nairobi kuna kingine kinachosikiliza mawimbi ya sauti ya chini mno yasiyoweza kusikika kwa sikio la binadamu. Vyote viwili vimo katika mtandao wa dunia wa kunasa majaribio ya siri ya nyuklia, unaosimamiwa na mkataba ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2000. Korea Kaskazini inapolipua bomu chini ya mlima, mitetemo yake husomwa na vituo vya aina hiyo. Ni vigumu kupata mfano bora wa utafiti wa ulinzi usiotengeneza silaha, na ni jambo la kusikitisha kwamba hautajwi hata katika masomo ya fizikia ya shule za sekondari.

Mtawanyiko huu wa utafiti katika taasisi mbalimbali una faida ambayo huenda haikukusudiwa. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, katika kifungu chake cha sita, inaruhusu habari kuzuiwa pale ambapo kuzitoa kungedhoofisha usalama wa taifa. Nishati na ulinzi vikikaa katika nyumba moja, kifungu hicho kinaweza kutandazwa juu ya kila faili, na mwananchi anayeuliza gharama ya kinu cha umeme akajibiwa kana kwamba ameuliza idadi ya makombora. Ufaransa inalijua tatizo hili vizuri: zaidi ya miaka sitini baada ya Reggane, nyaraka nyingi zinazohusu majaribio ya Sahara bado zimefungwa, na wakazi wa maeneo yaliyochafuliwa hawana ramani kamili ya mahali mabaki yalipozikwa. Kwa sababu hiyo, pendekezo linalosikika mara kwa mara la kuziunganisha taasisi za utafiti za serikali ili kupunguza gharama linapaswa kupimwa kwa tahadhari kubwa panapohusika nishati na silaha. Ukuta kati ya vyumba hivyo viwili ni mali ya umma. Sheria nyingine ya mwaka 2019 iliongeza ukuta wa pili kwa kuiweka Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, inayokagua usalama wa mionzi, mbali na wakala unaoutaka mtambo ujengwe, kwa kuwa mchezaji hawezi kupewa pia kipenga cha refa.

Hasara ya mtawanyiko ni kwamba utafiti wenyewe hauna mwenyewe. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuamuru itengewe kila mwaka fedha zinazolingana na asilimia mbili ya pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kutolewa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoanza kama chuo cha sanaa na sayansi tumizi katika miaka ya 1970 na kupewa hadhi ya chuo kikuu kamili kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2006, kina wanafizikia, wahandisi na kituo cha masomo ya kukabiliana na majanga kilichokuwa miongoni mwa vya mwanzo nchini. Hakuna njia ya kawaida ya kibajeti inayokiunganisha na NuPEA, wala na Wizara ya Ulinzi, na mhadhiri wa Lurambi anayetaka kuchunguza betri, mionzi au uimara wa gridi huomba ruzuku kutoka nje ya nchi, ambako maswali huchaguliwa na mtoaji.

Hoja kwamba nchi maskini haiwezi kumudu utafiti wa namna hii inakanushwa na historia ya Kenya yenyewe. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke wa ardhini vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1956, na havikuzaa matunda. Kazi ilisimama, ikafufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15 tu, ukaanza kutoa umeme mwaka 1981, robo ya karne baada ya kisima cha kwanza. Hakuna benki ya biashara ambayo ingesubiri muda huo. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kitupu, ndiyo maana mwaka 2008 serikali iliunda kampuni maalumu ya kustawisha mvuke, GDC, ili hasara ya visima vitupu ibebwe na umma na wawekezaji waingie baada ya mvuke kupatikana. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka katika mvuke huo, na wahandisi wa Kenya huitwa Ethiopia na Djibouti kuchimba visima. Subira hiyo, iliyolipiwa na kodi bila kujua matokeo, ndiyo kazi hasa ya shirika la kitaifa la utafiti, na Kenya iliifanya bila kuipa jina hilo.

Mradi wa nyuklia unadai subira ya aina hiyo, lakini pia unadai hesabu ambayo haijaelezwa vya kutosha kwa wananchi. Mipango iliyotangazwa imezungumzia mtambo wa megawati 1,000. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini, yale ya saa za jioni wakati kila nyumba imewasha taa, yalikuwa yamepita kidogo tu megawati 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2025. Wahandisi wa gridi hufuata kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban sehemu ya kumi ya uwezo wa mfumo mzima, kwa sababu mtambo ukizima ghafla, mingine hulazimika kuubeba mzigo wake ndani ya sekunde chache, na ikishindwa, mmoja baada ya mwingine hujitoa na nchi nzima huingia gizani, kama ilivyotokea Agosti 25, 2023. Kwa kanuni hiyo Kenya ingehimili kinu cha megawati mia mbili na kitu, labda mia tatu mahitaji yakikua, si elfu moja. Kutokana na hesabu hii yamezuka mazungumzo ya vinu vidogo vinavyoundwa kiwandani na kusafirishwa vipandevipande, teknolojia ambayo mpaka sasa inafanya kazi katika nchi chache mno. Eneo la magharibi, ambalo umeme wake hutegemea sana njia zinazopita Lessos katika Kaunti ya Nandi, lingekuwa la kwanza kuhisi mtikisiko wowote, na utafiti wa gridi ya magharibi ungeweza kufanywa Kakamega bila gramu moja ya urani.

Mahali pa kujenga pamebadilika pia. Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, ndipo palipotajwa kwanza, na Mei 2024 wakazi wake waliandamana kuupinga mradi wakihofia samaki, mikoko na utalii. Kufikia mwaka 2025 viongozi wa serikali walikuwa wakizungumzia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Maji yanahitajika kwa sababu kinu hugeuza karibu theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme, na theluthi mbili zilizobaki lazima ziondolewe na maji au hewa. Mto Isiukhu unaopita Kakamega huingia Nzoia, na Nzoia huingia ziwani, kwa hiyo Lurambi ipo upande wa juu wa maji hayo na joto haliwezi kuupanda mto. Lakini omena na mbuta zinazouzwa katika soko la Kakamega hutoka ziwani humo, na nyaya za kusafirisha umeme kutoka Siaya zitahitaji kupita katika mashamba ya watu wa magharibi.

Kakamega ina kumbukumbu ya kile kinachotokea serikali inapokimbilia mali ya ardhini kabla ya kuzungumza na wenye ardhi. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, serikali ya kikoloni iliibadilisha Desemba 1932 sheria ya ardhi za wenyeji, iliyokuwa imeahidi kwamba atakayeondolewa atapewa ardhi nyingine, ili alipwe fedha taslimu bila baraza la wenyeji kushauriwa. Mgodi wa Rosterman, ulio ndani ya Lurambi, uliendelea hadi mwaka 1952, na mashimo yake bado yapo. Katiba ya sasa, katika ibara ya 69, inailazimu serikali kuhimiza umma ushiriki katika kusimamia mazingira, lakini ushiriki wa mtu asiyeelewa megawati wala mionzi huishia katika kupokea soda na kutia sahihi orodha ya mahudhurio.

Hapo ndipo chuo kikuu cha umma kinapokuwa na kazi ambayo wakala wa nyuklia hauwezi kujifanyia wenyewe kwa uaminifu unaohitajika. Kabla ya mtambo wowote kujengwa, kiwango cha asili cha mionzi katika udongo, maji na samaki lazima kipimwe kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kila mwamba una mionzi yake, na Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinafahamika kwa kiwango cha juu kutokana na madini ya toriamu yasiyohusiana na kiwanda chochote. Bila kipimo hicho cha mwanzo, lawama za baadaye haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kazi ya kupima udongo wa Rosterman, maji ya Isiukhu na samaki wa ziwani ingeweza kupewa Masinde Muliro na vyuo vya Maseno na Siaya kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kinu, na matokeo yake yakachapishwa kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Kwa mujibu wa ibara ya 221 ya Katiba, makadirio ya matumizi ya serikali hufikishwa Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani ifikapo Aprili 30, na kamati inayoyachambua inalazimika kutafuta maoni ya umma na kuyazingatia; ombi la fungu la vipimo hivyo linaweza kuwasilishwa kwake na kikundi chochote cha raia, kikiwemo cha Lurambi.